Mapacha wa Mzee Koni

Kitendawili changu hiki hapa, jisogeze unisikie vizuri. Nina mapacha wawili wamegusanisha pua, miguu kila mmoja kaielekeza kwake. Wasimamishe, wanasikia kila sauti iliyo hewani, nyembamba kwa nene. Wageuze, wa juu awe chini na wa chini awe juu, wanasikia yaleyale. Siku ukiwageuza wakasikia mengine, jua kuna mgonjwa. Ni nini?

Umeshindwa. Wala usinipe mji, leo mji wa mtu siutaki. Jibu nakupa bure: ni antena.

Si ile ya juu ya bati inayoleta taarifa ya habari. Hii ilikuwa ya kupimia, na aliyeitengeneza ni mhandisi mmoja ambaye kazini walimwita Mzee Koni, jina ambalo yeye mwenyewe alijifanya halipendi. Antena ya kawaida ni kijiti. Kijiti kina urefu wake, na urefu ule una sauti yake. Kiite kwa sauti nyingine, kinakaa kama hakijaitwa. Mzee Koni alitaka kitu cha kuitikia kila anayeita. Akachukua fito nyembamba za shaba, akazikunja na kuzifunga mpaka zikawa matenga mawili yaliyochongoka, akayakutanisha ncha kwa ncha, katikati akaacha nafasi ya kupita ukucha. Mawimbi mafupi yanajipatia mahali pao karibu na ncha, marefu yananyoosha miguu mpaka ukingoni. "Ukipata pembe ya koni, kazi umemaliza," alikuwa akisema. "Ukikosa pembe, umetengeneza kikapu, kampelekee mkeo."

Pale kwenye pua za wale mapacha palikuwa na kisanduku kidogo, kiasi cha kiberiti. Kazi yake ilikuwa kugawa: pacha wa huku apate kama wa kule, asizidiwe mtu. Kisanduku kikianza upendeleo, antena bado inasimama, bado inang'aa, bado inatoa namba, ila namba zenyewe ni za uongo. Ndiyo maana kila ulipopima ilikuwa lazima uigeuze kichwa chini upime tena. Namba zikilingana, andika. Zisipolingana, funga kila kitu urudi nyumbani, maana hujapima.

Kanuni hiyo aliiweka yeye, na aliishikilia kama mama anavyoshikilia mkono wa mtoto barabarani. Mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao, alifanya kazi naye chumba kimoja cha vipimo. Jina la Maswali alimpa yeye huyo kaka yake tangu akitambaa, na mpaka nywele zikaingia mvi hakuna aliyemwita vingine. Kila Maswali alipotoka kupima, kabla hajavua viatu, kaka yake alimuuliza: "Umegeuza?" Ikawa mazoea hata nyumbani. Maswali akimkaangia yai, anatazama sahani kabla ya kuonja: "Umegeuza?"

"Nimegeuza, kaka. Na namba zimelingana."

Mke wa Mzee Koni, wifi yake Maswali, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Mimi ni mke wa pili," aliwaambia wageni. "Wa kwanza ni wale mapacha. Mimi nikiumwa kichwa hasikii, wao wakiingia vumbi anaamka."

Basi akaja kuumwa kweli, na haikuwa kichwa. Ulikuwa moyo. Walimlaza wodi ya juu, kitanda cha ukutani, dawa ikimwingia tone kwa tone kwa pampu ndogo iliyofungwa kwenye mlingoti wa dripu. Pampu zile zilikuwa mpya, na zina umeme mwepesi, wa kuchezewa na chochote. Motori mbovu ikiwa karibu inatoa kelele hewani, kelele zisizosikika kwa sikio, na pampu ikizipata inaweza kuzubaa kama mtu aliyeitwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Hospitali ikaomba wodi ipimwe. Siku hiyo Maswali alikuwa ametumwa kiwandani kupima mashine nyingine, na kaka yake alifurahi kwenda mwenyewe, amwone na mkewe.

Jioni walipokutana, Maswali alimuuliza wifi anaendeleaje.

"Anatania wauguzi," kaka yake akasema.

"Na wodi?"

"Safi."

Mwezi haukuisha. Mchana mmoja muuguzi alimkuta wifi amelala, uso umetulia, na pampu imetulia vilevile. Ilisimama kabla yake au baada yake, hakuna aliyejua. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Watu wakazika, wakala, wakaondoka. Mzee Koni aliacha kazi wiki ileile. Aliporudi kwake alipanda juu ya kiti, akaitoa waya feni ya darini, na tangu hapo akawa anakaa ndani ya joto lile, shati limemganda mgongoni, akitazama ukuta.

*

Muuguzi wa wodi ile alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi na viatu vilivyokanyagwa visigino. Asubuhi moja aliingia chumba cha vipimo na mfuko wa plastiki, akatoa pampu, akaiweka juu ya meza ya Maswali.

"Mama, nimekuletea mlevi. Anafanya kazi vizuri kabisa, mara analala. Ukimtikisa anaamka, anakutazama kama hajafanya kitu."

"Hata kengele yake hailii?"

"Ilie wapi! Taa ya kijani inawaka, matone hayapo. Mafundi wetu wamemfungua, wanasema mzima. Wamenifanya mie ndiye mlevi."

"Analala saa ngapi?"

"Hana saa. Lifti ikipanda, analala."

Maswali aliacha kuandika. "Sema tena."

"Lifti. Si iko nyuma ya ukuta pale? Inaunguruma kidogo, mimi namtazama huyu, kimya. Na si yeye peke yake. Kila pampu nikiiweka kitanda kile cha uku..." Hapo muuguzi akakumbuka anazungumza na nani. Mkono ukaenda mdomoni wenyewe. "Nisamehe, mama. Sikufikiri."

"Sasa amelala nani pale?"

"Mama mmoja mshonaji. Msimuliaji huyo, anatuua kwa vicheko. Nakaa naye nahesabu matone kwa macho. Lakini nina vitanda vingine, mama. Macho yangu ni haya mawili."

Muuguzi alipoondoka, Maswali aliitoa antena kabatini. Aliifunga kwenye stendi yake ya miguu mitatu, mapacha wamesimama wima, mbele yake akaweka kitoa mawimbi kidogo wanachotumia kuijaribu. Akasoma namba. Ilikuwa namba ya kila siku. Akalegeza skrubu, akaigeuza, wa juu akawa chini. Akasoma.

Namba ilikuwa imeanguka kama ndoo iliyokatika kamba.

Alirudia mara kadhaa, akahamisha stendi, akabadili kebo, akafunga mlango. Kwa upande mmoja mapacha walisikia vizuri. Kwa upande wa pili walikuwa viziwi nusu. Akakifungua kile kisanduku cha kiberiti, akavaa miwani, akakuta lehemu ya waya mmoja imepata ufa mwembamba kama unywele. Waya unagusa, haugusi. Ukiusimamisha huku unaegemea, ukiugeuza unaning'inia. Na mapacha wanafanana: siku ya wodi yupi alikuwa juu, hakuna alama ya kusema.

Alikwenda kwa mkuu wa chumba cha vipimo na kisanduku mkononi. Mkuu alikuwa kijana kwake kwa umri, mtu wa heshima, lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kila anayefungua mlango anamletea mzigo.

"Hii antena ilianguka mlangoni wiki iliyopita," mkuu akasema. "Na aliyeiangusha, mama, naomba radhi, ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi imepasuka wiki iliyopita."

"Au ilipasuka zamani, wiki iliyopita imeanguka tu. Tangu ipime wodi haijatoka kabatini mpaka siku ile niliyoiangusha."

"Lehemu haina tarehe ya kuzaliwa, Mama Maswali."

"Tukapime wodi upya. Nitaitengeneza, kesho nakwenda."

Mkuu alishusha pumzi. "Hawataki. Kupima ni kuzima kila chenye motori mle ndani, na mara ya kwanza wagonjwa waliteseka, mganga mkuu akaapa haturudi bila sababu. Sababu tunayo? Tuna kipimo kinachosema safi. Na kipimo cha mtu hakifutwi na mtu mwingine, kinafutwa na aliyekipima. Kanuni hiyo aliiweka nani?"

"Kaka."

"Kamuulize, basi. Kama siku ile aligeuza na namba zililingana, antena ilikuwa nzima na wodi ni safi, tutafute ugonjwa mahali pengine. Kama hakugeuza, aseme kwa mdomo wake, nitakifuta leo hii."

"Na akinyamaza?"

"Inabaki kama ilivyo." Mkuu akainamisha kichwa. "Na hata akisema, mama, usijipe matumaini makubwa. Lifti ile ndiyo inayopandisha wagonjwa. Wodi nyingine hawana. Watawapeleka wapi?"

*

Nyumbani kwa kaka yake mlango ulikuwa wazi na madirisha yamefungwa. Ndani mlikuwa kama ndani ya sufuria iliyofunikwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja na mvua au peke yako?"

"Mvua ingekubali kuingia humu? Irudishe feni, kaka, tutaiva."

"Feni ina kelele."

Maswali alilipokea jibu lile kama jibu la mtu aliyezoea kupima kelele. Akaketi, akamenya chungwa alilomletea, akampa nusu. Alimsimulia habari za muuguzi na mlevi wake, na kaka yake akatabasamu kidogo, upande mmoja. Alipofika kwenye lifti, tabasamu likaisha. Alipofika kwenye ufa wa lehemu, kaka yake akalishusha chungwa juu ya meza.

Maswali alikuwa amelipanga swali lake njia nzima. Lilipotoka lilitoka dogo, kama la mtoto.

"Siku ile wodini, kaka. Uligeuza?"

Mzee Koni aliinuka. Alikwenda jikoni, akachukua kikombe kilichokuwa safi, akakiosha. Maji yakatiririka muda mrefu. Akakifuta, akakirudisha mahali pake.

"Umekula?" akauliza kutoka kule kule.

Maswali aliaga akaondoka. Njiani ndipo alipolipima vizuri swali lake, kama anavyopima kila kitu, pande zote mbili. Kaka akijibu aligeuza, basi wifi alikufa kwa moyo wake, kaka atalala usingizi, na kitanda cha ukutani kitabaki pale pale kina mtu juu yake. Akijibu hakugeuza, mshonaji labda atahamishwa, labda, na kaka atakuwa amejua kwamba alimlaza mkewe penye hatari akasema safi. Upande gani wa kuombea? Alitafuta, hakuupata. Kwa mara ya kwanza maishani alijutia jina lake.

Alirudi tena kabla wiki haijaisha. Safari hii kaka yake hakumtania.

"Kaka, nakuuliza."

"Nimekusikia tangu juzi."

"Mkuu anataka neno lako tu. Moja."

"Unataka nikuambie nini?"

"Kilichotokea."

"Swali hilo nani amekufundisha kuuliza?"

"Wewe."

"Basi mimi sikufundishwa kulijibu." Akamgeuzia mgongo, kiti na kila kitu, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu. "Nenda nyumbani, Maswali. Watoto wanakusubiri."

Watoto wake walikuwa watu wazima wenye nyumba zao, na yeye kaka alijua. Maswali alikaa kidogo akiutazama mgongo ule uliolowa, halafu akachukua mkoba wake.

Kesho yake muuguzi alipiga simu. Sauti yake haikuwa na mzaha. Lifti ilipanda na mgonjwa, yeye alikuwa kitanda cha mlangoni, akamshika mtu aliyekuwa anaanguka. Aliporudi ukutani pampu ilikuwa imelala, na mshonaji midomo imebadilika rangi. Walimwahi. Anapumua.

"Anazungumza?" Maswali akauliza.

"Anatutazama tu, mama. Hasimulii tena."

"Mhamishe kitanda."

"Nimehamisha. Sasa kitanda kile kimeletewa mwingine. Vitanda havikai vitupu hapa."

*

Mchana wa siku ile Maswali aliichukua antena jinsi ilivyo, ufa wake haujaguswa, akachukua na mashine ya kusomea namba, akaviingiza kwenye gari la kukodi. Alipofika kwa kaka yake hakuamkia. Alisogeza meza, akasimamisha stendi katikati ya sebule, akawafunga mapacha wima. Kaka yake aliwatazama. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona tangu msiba. Shaba ilikuwa imefifia kidogo, lakini fito zote zilikuwa zimenyooka kama siku alipozikunja.

Maswali aliunga kebo, akaiachia ianguke chini.

"Kebo hiyo," kaka yake akasema. Sauti yake ilikwaruza. "Umeiachia sambamba na pacha wa chini. Itasikia pamoja nao. Ivute nyuma kwanza, ndipo uishushe."

Maswali alijua hivyo tangu ujana wake. Akaivuta nyuma, akaishusha.

Akawasha kitoa mawimbi, akaweka mashine ya namba pale ambapo kaka yake ataiona. Namba ikatulia. Akalegeza skrubu, akawageuza mapacha taratibu, wa juu akawa chini. Namba ikaanguka.

Mzee Koni aliinuka kwenye kiti. Alikuja karibu, akakifungua kisanduku mwenyewe, bila miwani, akapitisha ukucha juu ya lehemu mpaka ukakwama kwenye ufa. Akaubakiza pale.

"Nilizima feni," akasema.

Maswali aliiachia skrubu.

"Feni zote za wodi. Lazima, zina motori, ungepima feni badala ya wodi. Madirisha yamefungwa. Wagonjwa wanajipepea na magazeti, wengine hawawezi. Nikawasimamisha hawa karibu na kichwa chake. Wifi yako akawatazama, akasema, 'Karibuni, wake wenza.' Wodi nzima ikacheka." Ukucha wake ulikuwa bado umekwama. "Nikapima wakiwa wima. Chini kabisa, kama usiku wa kijijini. Lifti imepanda, imeshuka, namba haikutikisika. Nikasema Mungu mkubwa. Nikashika skrubu."

Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni, akaliacha.

"Uso wake ulikuwa wa majivu. Akaniambia, 'Baba, nakufa kwa joto, niwashie feni.' Nikamwambia, bado kugeuza tu, mama, mara moja hii. Akanishika mkono hapa. Akasema, 'Wageuze kesho.'"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, gurudumu moja linalia.

"Feni ikawaka. Akafumba macho, upepo unampeperusha kitambaa. Akacheka. Akasema leo ndiyo umenioa." Mzee Koni alitoa mkono kwenye kisanduku, akautazama ukucha. "Na kesho sikurudi. Nilikuwa nimeshawaambia safi."

Maswali alitaka kumwambia kwamba ufa huenda ni wa wiki iliyopita, kwamba huenda angewageuza siku ile namba zikalingana, kwamba mwenye kuiangusha antena ni yeye. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililoweza kupimwa tena. Mkuu hakutaka hadithi, alitaka neno. Kule wodini, kando ya ukuta wa lifti, alikuwa amelala mtu ambaye hata jina lake hawakulijua.

Akazima mashine. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasimama mbele ya kaka yake, akamuuliza vile alivyoulizwa yeye maisha yake yote, kabla hajavua viatu.

"Uligeuza, kaka?"

Mzee Koni aliinua uso, akaitazama feni ya darini, mapanga yake yaliyojaa vumbi, na waya wake unaoning'inia.

"Sikugeuza," akasema.